Safari ya basi ya Wangari Maathai, Nyeri mpaka Nairobi: maswali mnayotuuliza kila wiki

Meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza vitu vilevile, kwa hivyo tumeyakusanya hapa. Soma kwanza, ukikosa jibu lako ndio utuandikie. Na tafadhali, anayewaongoza ni mwongozaji, msituandikie "gaidi wenu anaitwa nani", siku moja polisi watasoma.

## Mambo ya msingi

Hii safari ni ya nini hasa?

Ni basi la viti 33, siku mbili, Jumamosi na Jumapili, tunafuata maisha ya Profesa Wangari Maathai kutoka alikozaliwa Ihithe, Tetu, huko Nyeri, mpaka zile sehemu za Nairobi alikopigwa, alikofungiwa na alikoagwa. Tunaenda kwa mpangilio wa maisha yake, ndio maana tunaanza mbali halafu tunarudi mjini. Watu wengi hutaka tuanze na Uhuru Park kwa sababu iko karibu, tulijaribu hivyo mwanzoni na haikufanya kazi, ukiona Freedom Corner, ile kona ya hiyo bustani, kabla ya kuona kilipokuwa kijito cha Ihithe huelewi huyu mama alikuwa anapigania nini.

Nyinyi ni Green Belt Movement?

Hapana. Sisi ni watu wachache na basi la kukodi. Hatuna uhusiano na Green Belt, shirika la kupanda miti aliloanzisha Wangari, wala na familia yake, hatusemi kwa niaba yao. Ukitaka kuchangia miti, nenda kwao moja kwa moja.

Wangari si alikuwa mama wa miti? Mbona mnamuita mwanaharakati wa haki?

Hili ndilo swali namba moja na kusema kweli linatuchosha kidogo, ila tunaelewa, shuleni wengi tulifundishwa kwamba alipanda miti akapewa Nobel, basi, hadithi imeisha.

Alianza na miti, ni kweli. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake waliandamana kutoka jumba la mikutano la KICC mpaka uwanja wa Kamukunji wakapanda miti saba. Lakini ukishaanza kuuliza kwa nini kijiji hakina kuni wala maji utafika tu kwenye swali la nani ameuza msitu, na ukiuliza nani ameuza msitu utafika kwa serikali, na miaka hiyo ukifika kwa serikali unakutana na rungu. Hivyo ndivyo akina mama wa bustani za miche walivyojikuta wanadai wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Mwenyewe alitumia mfano wa kigoda cha miguu mitatu, mguu mmoja demokrasia, wa pili kutunza mali ya asili, wa tatu amani, ukivunja mmoja kigoda kinaanguka. Ukisafiri nasi utausikia huo mfano mara nyingi mno.

Kuna jumba la makumbusho? Tutaona nini?

Bora tuwaambie mapema msije mkakasirika. Kwenye njia yetu hamna jumba lenye viatu vyake ndani ya kioo. Sehemu kubwa ya safari hii ni kuangalia vitu ambavyo havipo. Uhuru Park utaonyeshwa jumba la ghorofa 60 ambalo halikujengwa. Kwenye msitu wa Karura utaonyeshwa nyumba za matajiri ambazo hazikujengwa. Ihithe ni kinyume, hapo utaonyeshwa mti uliokuwepo na haupo.

Kuna mgeni mmoja alitudai nusu ya hela zake eti tulimpeleka kuangalia nyasi. Ndiyo, tulimpeleka kuangalia nyasi. Hizo nyasi kuna watu walipigwa ndio zibaki nyasi.

## Njia na vituo

Ratiba ikoje?

Jumamosi saa 12 asubuhi kamili tunaondoka mjini kati (mahali penyewe tunakutumia ukishalipa). Thika Road, Kenol, Sagana, tunakunywa chai Karatina, halafu Nyeri. Ni kama kilomita 150, bila jam ni saa tatu hivi. Mchana tuko Ihithe, jioni Mathari na Outspan, tunalala Nyeri mjini. Jumapili saa 11 alfajiri (ndiyo, alfajiri, acheni kulia) tunarudi Nairobi: Karura, Kamukunji, Uhuru Park, kanisa la All Saints, Kariokor tunapita tu kwa dirisha, tunamalizia Upper Kabete.

Ihithe kuna nini?

Kuna mashamba ya chai, mteremko mkali, na milima ya Aberdare imekaa nyuma yako. Kukiwa hakuna mawingu Mlima Kenya unauona mzima. Wangari alizaliwa hapa tarehe 1 Aprili 1940. Utotoni akaishi pia upande wa Nakuru, babake alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la mzungu, halafu mamake akarudi naye Ihithe ili watoto wasome.

Hapa ndipo tunaposimulia kisa cha kaka yake Nderitu, aliyemuuliza mama swali moja tu, mbona Wangari haendi shule kama sisi? Mama akasema sioni sababu asiende. Mwaka wa arobaini na kitu, kijijini, msichana, na mtu akajibu hivyo. Kila safari kuna mtu anatoa leso kwenye hiki kisa na kila safari si yule tuliyemtarajia.

Kisa cha pili ni cha mugumo. Karibu na kwao kulikuwa na mti mkubwa wa mugumo, na mamake alimwambia asiokote kuni zake, huo ni mti wa Mungu. Jirani na huo mti palikuwa na kijito, na Wangari mdogo alikuwa anacheza na mayai ya vyura akidhani ni shanga za kuvaa shingoni, kila akijaribu kuyainua yanakatika. Aliporudi kutoka masomoni Marekani, mugumo ulikuwa umekatwa ili pawe na nafasi ya kupanda chai, na kijito kimekauka. Alikuwa mwanasayansi tayari, akaunganisha mambo: mizizi ya mugumo inaenda chini sana inapasua mwamba, maji yanapata njia ya kupanda. Wazee walikuwa wanalinda chemchemi bila kuiita chemchemi.

Angalizo: hapa ni nyumbani kwa watu. Hatuingii kwenye boma za watu, hatupigi picha watoto, na ukimkuta mzee barabarani unamsalimia kabla ya kutoa simu.

Mathari tunaenda kufanya nini?

Hapo ndipo palipokuwa na shule ya bweni ya St. Cecilia, kwa masista wa Consolata, alikopelekwa akiwa na miaka 11. Ni kituo kifupi. Tunakisimamia kwa sababu ya kile kibati ambacho wazee wenu wengi wanakikumbuka, ukikamatwa unaongea lugha ya nyumbani unavalishwa mpaka umpate mwenzako mwenye kosa lilelile. Huwa tunauliza ndani ya basi nani alivaa kibati, mikono inayoinuka ni mingi, na si ya wazee peke yao.

Mbona hatuendi Limuru? Alisoma Loreto.

Kweli, Loreto Limuru ndiko alikomaliza sekondari 1959. Lakini Limuru iko njia nyingine kabisa na ni shule yenye wanafunzi, si mahali pa kushusha basi la wageni. Tunasimulia tukiwa barabarani, pamoja na zile ndege za 1960 zilizompeleka Marekani na wanafunzi wengine wa Kenya kama 300, akasoma Kansas halafu Pittsburgh. PhD alikuja kuimalizia hapahapa Nairobi 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati.

Outspan ni hoteli ya kifahari, tunalala hapo?

Hapana jamani, kwa bei hii? Tunasimama tu. Tarehe 8 Oktoba 2004 alikuwa barabarani anaenda Tetu, wakati huo ni mbunge wao na waziri msaidizi wa mazingira, simu ikalia kutoka Norway. Akasimama Outspan, akaomba jembe na mche, akapiga magoti akapanda Nandi flame, ule mti wa maua mekundu, akiwa ameelekea Mlima Kenya. Ndiye mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Nobel ya Amani na sherehe yake ya kwanza ilikuwa udongo kwenye kucha.

Skauti mnaotuuliza: ndiyo, Baden-Powell aliishi kwenye uwanja wa hoteli hiyohiyo na amezikwa Nyeri mjini. Kaburini hatufiki, ni safari nyingine.

Karura ni kubwa, tunatembea yote?

Ni zaidi ya hekta 1,000, hutaiweza. Tunatembea kama saa moja na nusu, njia tambarare (mwenye magoti mabaya soma chini). Mwaka 1998 ilijulikana vipande vya msitu huu vimegawiwa watu wa kujenga majumba. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari akaja langoni na wabunge, waandishi na watu wake, amebeba mche, akakuta vijana wa kukodiwa na marungu na mijeledi. Alipasuliwa kichwa. Akaenda polisi kuandikisha, na karatasi ya malalamiko akaitia sahihi kwa damu iliyokuwa inamtoka kichwani. Wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani, na mwezi wa nane mwaka huohuo Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Leo Jumapili asubuhi Karura utakuta watu wanakimbia na mbwa, wengine hata hawajui. Mwongozaji wetu ana tabia ya kuwasimamisha na kuwauliza. Tumemwambia aache.

Kamukunji ile miti saba bado ipo?

Mwenyewe alisimulia kwamba ni miwili tu iliyopona. Tunakwenda kwa sababu hiyo. Tukio lile lilikuwa na viongozi na picha, halafu kila mtu akaenda nyumbani na hakuna aliyekuwa na kazi ya kumwagilia. Alichojifunza hapo ndicho kilichokuja kuwa mfumo wa Green Belt, tazama swali la "Tutapanda miti?"

Uhuru Park na Freedom Corner: nini kilitokea wapi?

Watu wanachanganya matukio mawili, naomba tuyatenganishe.

La kwanza ni 1989. Chama tawala, KANU, kilitaka kujenga katikati ya bustani jumba la ghorofa 60 la Kenya Times, lenye makao ya chama, maegesho, na sanamu kubwa ya Rais Moi. Wangari akaandika barua kwa kila mtu anayeweza kusoma, kuanzia ofisi za serikali mpaka kwa waliokuwa waweke hela kutoka nje. Bungeni wakasema hao ni kundi la wanawake walioachika, Rais akasema wanaopinga wana wadudu kichwani, na kwamba mwanamke wa Kiafrika wa kweli anaheshimu wanaume na kunyamaza. Green Belt wakafukuzwa ofisini wakahamia nyumbani kwake South C. Wenye hela wakajitoa, mradi ukafa.

La pili ni 1992. Mwisho wa Februari akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuja kukaa kwenye kona ya bustani, hawali, wanadai watoto wao. Wangari akakaa nao. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na gesi na marungu, yeye akapigwa mpaka akazimia, akapelekwa hospitali. Akina mama wazima wakavua nguo mbele ya polisi. Kama wewe ni wa huku hatuna haja ya kukueleza hiyo ni laana ya namna gani, kama si wa huku, elewa tu kwamba mwanamke wa umri wa mamako akikuvulia nguo amekukana uzao wake. Baadaye wakahamia All Saints, hapo ng'ambo ya barabara, wakakaa kanisani karibu mwaka mzima mpaka mwanzoni mwa 1993 wafungwa walipoachiliwa.

Jumapili All Saints kuna ibada, kwa hivyo tunasimama nje. Anayetaka kuingia kuabudu ni sawa ila basi halisubiri mahubiri.

Kaburi lake liko wapi?

Hakuna kaburi kama unavyolifikiria. Alifariki 25 Septemba 2011 kwa saratani. Alikuwa amesema hataki mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, wakamtengenezea la mianzi, mafunjo na magugu maji. Tarehe 8 Oktoba watu wakamuaga Uhuru Park, halafu akachomwa Kariokor, na mjadala wake Kenya nzima mnaukumbuka, wengine mpaka leo kwenye basi wanabishana. Majivu yapo Upper Kabete, kwenye taasisi ya Chuo Kikuu cha Nairobi yenye jina lake. Ni ndani ya chuo, tukipewa ruhusa tunaingia, tusipopewa tunaishia getini.

Kwa nini jina lina "a" mbili?

Mumewe aliitwa Mathai. Talaka ilipotoka 1979, mume akadai aache kutumia jina lake. Wangari akaongeza "a" moja akaendelea na maisha. Kesi hiyohiyo ilimpeleka jela ya Lang'ata, alimkosoa hakimu akahukumiwa miezi sita kwa kuidharau mahakama, akatoka baada ya siku tatu.

## Pesa na kujiandikisha

Bei inajumuisha nini?

Basi, mwongozaji, kulala Nyeri (watu wawili chumba kimoja), chai ya Karatina, chakula cha mchana Jumamosi na chai ya asubuhi Jumapili. Kiingilio cha Karura unajilipia mwenyewe langoni kwa simu, hawapokei keshi, na beba kitambulisho maana mkazi na mgeni bei si moja. Bei ya sasa tunakutumia ukiuliza, tukiiandika hapa mafuta yakipanda mnatuletea skrinishoti.

Naweza kulipa pole pole?

Ndiyo, kwa M-Pesa, ila iwe imekamilika Jumatano. Chama, kanisa au shule mkijaza basi zima tunaongea bei.

Nikighairi?

Kabla ya Jumatano unarudishiwa yote. Baada ya hapo tafuta mtu achukue kiti chako, sisi hoteli tumeshailipa.

Naweza kuja siku moja tu?

Jumapili peke yake inawezekana, unatukuta Karura. Jumamosi peke yake haiwezekani kwa sababu basi linalala Nyeri na hatutaki kukuacha stejini usiku.

## Siku yenyewe

Nivae nini?

Sweta. Rudia: sweta. Nyeri mwezi wa saba utatetemeka. Raba zenye meno, kwa sababu udongo wa Ihithe ukilowa ni kama sabuni.

Maji?

Beba chupa yako ya kujaza. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye misitu tangu 5 Juni 2020, langoni Karura watakunyang'anya. Halafu kuja kwenye safari ya Wangari na mfuko wa plastiki, huyu mama alipigana na hiyo mifuko miaka, sijui tukuambie nini.

Tutapanda miti?

Msimu wa mvua peke yake, yaani Aprili na Mei, au Oktoba mpaka Desemba. Wakati mwingine hapana, hata ukilia, hata kama una tisheti mpya na mpiga picha wako.

Sababu ni ile ya Kamukunji. Green Belt haikuwa inawalipa akina mama kwa kupanda. Kalipo kadogo, senti nne hivi za dola, kalitoka kwa kila mche ambao bado uko hai baada ya miezi kadhaa. Mtu akipewa hela kwa kilichopona atachimba shimo sawasawa, atamfunga mbuzi wake, atakwenda na debe la maji jioni. Maafisa wa misitu walikuwa wamesema bila diploma hawa akina mama hawawezi, na mpaka leo Green Belt inahesabu zaidi ya miti milioni 51. Kwa hivyo tukipanda nasi, tunapanda mahali penye mtu wa kuitunza na yeye tunamlipa.

Chakula gani?

Githeri, mukimo, nduma, kuku kwa anayekula. Asiyekula nyama aseme mapema. Anayefunga atuambie, tunamwekea.

## Mengineyo

Mamangu ana miaka 70 na magoti. Ataweza?

Wengi wa wageni wetu ndio hao. Ihithe anaweza kubaki juu barabarani, mandhari anaiona, hadithi tunaisimulia hapohapo kabla ya vijana kushuka mtoni. Karura anakaa karibu na lango. Mlete mama, akina mama wa umri huo ndio wanaokumbuka 1992 yenyewe.

Watoto?

Kuanzia miaka 8. Kuna mambo ya kupigwa na damu na hatuyafichi. Mtoto anayelia bila kukoma ni wako, si wa mwongozaji.

Mnaongea lugha gani?

Kiswahili, na Kikuyu kikiponyoka tukifika Tetu. Wageni kutoka Tanzania huwa wanatucheka Kiswahili chetu, tumezoea.

Siku hiyo kukiwa na maandamano mjini?

Tunafuatilia habari kuanzia Ijumaa. Barabara zikifungwa tunabadilisha mpangilio, Uhuru Park tunaisogeza au tunaifanya wikendi nyingine bila malipo. Basi halipelekwi kwenye gesi. Kuna kijana alituambia eti Wangari angeshuka. Angeshuka, ndiyo, lakini hakuwa na bima ya abiria 33.

Kisiasa mko upande gani? Mnamtukana Moi?

Tunasimulia kilichotokea, tarehe na mahali. Kila basi lina mtu ambaye babake alikuwa KANU na mtu ambaye mjomba wake alifungwa, na mara nyingine ni mtu mmoja. Bishaneni, lakini aliye na maikrofoni amalize.

Nilimfahamu mwenyewe, au nilikuwa Freedom Corner. Naweza kuongea?

Tafadhali. Tuambie ukijiandikisha tukupe kiti cha mbele karibu na maikrofoni. Mama mmoja kutoka Murang'a aliyewahi kuwa na bustani ya miche alitusahihisha vitu vitatu kabla hata hatujafika Kenol, na viwili kati ya hivyo tulikuwa tunavikosea kwa mwaka mzima. Una dakika kumi, ukizidisha hakuna atakayekukatiza, ila dereva ana mazoea ya kuwasha redio akifika Sagana.